Mstari wa Kumi na Mbili

Mtaa wa Likoma, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatano, 17 Septemba 2025.

Mdogo wangu mpenzi Scholastika,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kumchunguza mgeni na kumwacha mwenyeji bila kumtazama. Nimelitanguliza neno hili kabla ya salamu, kinyume na tulivyofundishwa na marehemu baba, kwa sababu nataka uwe nalo mkononi unaposoma yanayofuata. Sasa nipokee kama ndugu: hujambo, Mama Jovitha? Goti lako limepungua kuuma? Shemeji Ignasi naye, kile kikohozi chake cha kiangazi kimemwacha? Nasikia Rombo baridi imechelewa kuondoka mwaka huu na migomba imeinama. Sisi huku tu wazima. Mama Rogath yuko dukani kwake na vifungo na nyuzi zake, na mafundi cherehani wanamsumbua kama kawaida, kila mmoja akitaka zipu ya rangi ambayo haijapata kutengenezwa. Mimi mguu wa kushoto unakufa ganzi nikikaa sana, basi sikai sana.

Ulinitumia ujumbe mara mbili kuniuliza kwa nini Jovitha amehama kwangu akaenda kupanga chumba Buguruni na mwenzake wa kazini, na kwa nini hatakuja kwenye kipaimara cha mdogo wake. Mara zote mbili nilikujibu kwamba ni mambo ya kazi na uchovu. Haikuwa kweli. Buguruni ni mbali na ofisi yake kuliko hapa kwangu, anapotembea dakika saba, na wewe ni mwalimu wa hesabu, najua hukuniamini. Yenyewe si maneno ya simu. Ndiyo maana nimeandika, na Rogath wetu, anayesafiri kuja huko keshokutwa, nimemwambia akukabidhi barua hii wewe mwenyewe.

Nianze mwanzo. Unajua kwamba chuo chao huwatoa wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenda kufanya kazi katika kampuni kwa miezi minane. Wenyewe wanaita fildi. Kila mwanafunzi hupewa daftari, na kila wiki huandika alichokifanya. Msimamizi wa kampuni husaini, na mwalimu wa chuo husaini. Saini moja ikikosekana, mwaka huo huhesabiwa kuwa haukuwapo. Huo ndio mzigo aliokuja nao mwanao mwezi wa Februari, na ndio uliokuwa hatarini katika yote nitakayokueleza.

Kampuni yenyewe inaitwa Fito. Imetengeneza programu ya simu inayowaunganisha wenye maduka ya jumla wa Kariakoo na wenye malori. Mwenye duka huandika kwamba ana marobota kumi ya kwenda Songea, programu inamwonyesha lori lenye nafasi, na mteja wa Songea anaona mzigo wake umefika wapi. Ni jambo jema ukilielewa. Mimi sikutaka kulielewa. Wiki ya kwanza nilikwenda kuwaona. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya sita, nikakuta mlango wa kioo usio na kibao chochote, viatu vimepangwa nje kama msikitini, na ndani vijana sita wamevaa visikilizio masikioni, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Mkuu wao, kijana mwembamba wa Lindi aitwaye Ridhiwani, aliniamkia vizuri, akanipa kiti na maji. Lakini kila nilichomuuliza alijibu kwa kuniuliza. Nilipotaka kujua kwa nini hawana kibao, aliniuliza nani angepanda ghorofa sita kusoma kibao.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini. Miaka thelathini na moja nilikagua nyaraka za mizigo bandarini. Mzigo usio na lebo ndio tuliofungua kwanza. Nilishuka zile ngazi nikiwa nimekwisha kuwahukumu.

Hata hivyo miezi minne ya mwanzo ilikwenda salama. Jovitha alirudi jioni akituchekesha kwa habari za malori yaliyopotea kwenye ramani wakati dereva yuko kwa mke wake wa pili. Anti yake, Mama Rogath, alicheka hadi akamwaga chai. Kisha, kama katikati ya Juni, akabadilika. Alikula haraka. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani. Ikilia, alitoka kuongea kwenye ngazi. Nilipomuuliza anafanya nini siku hizi kazini, alisema ametia saini karatasi ya kutunza siri na hawezi kusema. Mama Rogath aliniambia nimwache, kwamba msichana wa miaka ishirini na tatu akinyamaza ana mtu. Nikamjibu kwamba msichana mwenye mtu hamuulizi mjomba wake maswali ya polisi.

Maana aliuliza, Scholastika. Aliuliza nina laini ngapi za simu. Nikasema moja, ileile tangu nistaafu. Aliuliza niliisajili lini, na nani alikuwepo. Siku nyingine, tukiwa tunachambua mchele, aliuliza kama nimewahi kumwazima mtu kitambulisho changu cha taifa. Aliuliza taratibu, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Maswali ya namna hiyo niliyajua. Nimewauliza watu wengi sana.

Nikaanza kumfuata. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: mzee wa miaka sitini na tisa, kofia usoni, nyuma ya mpwa wake katika Mtaa wa Narung'ombe. Nilimwona akiingia duka hadi duka na daftari, akiandika namba za simu na majina ya watu. Siku ya tatu alikaa muda mrefu kwa Ramadhan, yule muuza vyandarua ninayekunywa naye kahawa kila asubuhi. Alipotoka nikaingia mimi. Ramadhan hakunitengea kigoda. Nilimuuliza mtoto yule alitaka nini. Akakunja chandarua kilichokwisha kukunjwa, akasema nikamuulize mwenyewe nyumbani, tunaishi naye. Kuanzia siku hiyo kahawa ilikuwa chungu. Wawili watatu pale barazani walinyamaza nilipofika. Nikajua, au nikadhani najua, kwamba wanamwonea haya Jovitha kwa niaba yangu. Kwamba kampuni ile inakusanya taarifa za watu ili iwaibie, na damu yetu ndiyo inayoikusanyia.

Nilitaka ushauri, nikaenda kwa mtu ninayemwamini. Unamkumbuka Mama Nice, mwenye mwavuli mbele ya duka letu, anayesajili laini za simu. Miaka mitano tuko naye jumuiya moja. Kila mwezi wa Mei yeye ndiye anayeongoza rozari. Mama Rogath alipolazwa, uji wa kila asubuhi ulitoka jikoni kwake. Nikamweleza wasiwasi wangu wote. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema polepole kwamba siku hizi wizi umepanda ghorofani, na akaniambia, "Baba, mtoto wa watu mwangalie kabla hajakuangusha." Kisha akaniambia laini yangu inahitaji kuhakikiwa upya. Nikampa kidole. Haijasoma, akasema. Nikakifuta kwenye shati, nikampa tena, nikamshukuru.

Mwishoni mwa Julai mambo yakalipuka. Mtu asiyejitaja jina alimpigia simu mwalimu wa chuo anayemsimamia Jovitha, akamweleza kwamba Fito inawatumia wanafunzi kukusanya namba na majina ya wafanyabiashara kwa nia mbaya. Mwalimu alifanya alichopaswa kufanya. Aliiandikia kampuni akitaka maelezo, na akasema hatasaini daftari hadi ayapate. Ridhiwani naye alishtuka, akaamua kuipitia upya kazi yote ya Jovitha yeye mwenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa hii: tangu Juni matapeli walikuwa wakiwapigia wenye maduka wakijifanya ni Fito, wakisema lori limezuiwa kwenye mizani, tuma haraka likombolewe. Jovitha alipewa jukumu la kuwazungukia waliolizwa, kuandika namba zilizowapigia na majina yaliyotokea kwenye simu walipotuma. Ndiyo siri aliyokuwa ametia saini kuitunza. Yeye alikuwa akimfuata mwizi, na mimi nilikuwa nikimfuata yeye.

Taarifa aliyokabidhi ilikuwa na mistari kumi na moja. Ridhiwani alipowapigia wateja wote mmoja mmoja, akapata waliotapeliwa kumi na wawili. Mmoja alikuwa amelalamika tangu Juni, kwa Jovitha mwenyewe, na hakuandikwa; naye alikataa kutaja namba wala jina aliloliona.

Mwanao alirudi nyumbani saa nne asubuhi, hana kompyuta. Alituambia amesimamishwa hadi aeleze kwa nini alificha namba moja, na kwamba hataeleza. Anti yake alimsihi. Mimi, nisitiri Mungu, nilikaa pale nikiwaza: kumbe nilikuwa na haki. Nilimwacha wiki mbili nzima katika hali hiyo. Alifua, akapika, akakaa dirishani. Hakukuambia wewe kwa sababu ya lile goti na presha.

Aliyeyafungua yote ni Ramadhan. Alikuja dukani mwezi wa Agosti, baada ya sala ya alasiri, akaniomba tupande juu tukazungumze mbele ya mtoto. Akakaa mkekani, akasema amesikia binti amesimamishwa, na hawezi kulala na dhambi hiyo. Yule wa kumi na mbili ni yeye. Mwezi Juni alipigiwa simu, akaambiwa lori lake limekwama, na alipotaka kutuma jina likatokea, akalifahamu, wasiwasi ukamtoka. "Niliona ni lako, Mzee Mosha," alisema. "Nikajua ni kampuni ya mpwa wako, nikatuma bila kuuliza." Alipogundua ametapeliwa alikwenda kumlalamikia Jovitha, na Jovitha akamwomba asiseme kwa yeyote hadi ahakikishe.

Sikumwelewa. Nilimwambia sina namba hiyo, na sijapata kuwa nayo. Jovitha alichukua simu yake, akaingiza namba aliyoijua kwa kichwa, akaandika kama mtu anayetaka kutuma shilingi elfu moja, akanigeuzia kioo. Pale ambapo simu huuliza kama una hakika, palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: THEOPHIL ALOYCE MOSHA.

Nimeona nyaraka nyingi za kughushi maishani mwangu, lakini ile haikughushiwa. Ilikuwa ya kweli. Ndipo nilipoelewa maswali ya mchele, na simu iliyolala kifudifudi. Miezi miwili tuliishi chini ya paa moja, mimi nikimshuku yeye, yeye akinishuku mimi, na kila jioni tunasali pamoja kabla ya kula.

Jovitha alinifundisha kuuliza laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Katika mtandao ule mmoja tu zilitokea tano. Yangu ni moja. Akaniuliza tena lile swali la nani alinisajili, na safari hii nikajibu: Mama Nice, huyohuyo anayeihakiki kila mara. Naomba nikueleze inavyofanyika, kwa maana ni rahisi na inatupata zaidi sisi wazee. Kidole cha mzee kimelainika, kimashine hukisoma kwa shida. Kwa hiyo tukiambiwa haijasoma tunaona haya, kana kwamba kosa ni la kidole chetu. Tunakifuta, tunabonyeza tena. Lakini mara ya kwanza kilikuwa kimesoma. Mara ya pili kinasajili laini nyingine, ya mtu usiyemjua, kwa jina lako. Mimi ambaye sikuruhusu kontena litoke getini kabla sijaigusa lakiri ya mlango wake kwa mkono wangu, nilitoa kidole changu mara tano chini ya mwavuli, na kila mara nikasema asante.

Tulikwenda polisi, mimi, Jovitha na Ramadhan, tukaandikisha. Laini nne zimefungwa. Mama Nice walimhoji kituoni mbele yangu. Hakukana, wala hakulia. Alisema yeye huuza laini zilizokwisha kusajiliwa kwa wapita njia, na hajui wanazipeleka wapi. Akaniuliza, "Baba, muuza visu humuuliza mteja anakwenda kukata nini?" Amepewa dhamana na kesi yake inaendelea. Mwavuli haupo tena. Mama Rogath bado analia akipita pale, na mimi sijui anamlilia nani, maana ule uji ulikuwa uji kweli.

Siku iliyofuata nilipanda tena ghorofa sita, nikavua viatu, nikamweleza Ridhiwani kwamba jina lililofichwa ni langu na mtoto alinificha kwa heshima. Aliniambia heshima hiyo ingewagharimu watu wengine, kwa kuwa namba ile iliendelea kupiga simu wiki sita wakati Jovitha anaificha. Ni kweli, na Jovitha alikubali mbele yake. Kisha akasema yeye atamrudisha kazini, lakini chuo hakitasaini mpaka aliyetoa tuhuma ajitokeze, aandike kwa jina lake kwamba amekosea. Hakuna anayemjua mtu huyo, akasema. Mwalimu anajua tu kwamba ni sauti ya mzee.

Sasa, mdogo wangu, kaa chini.

Mtu huyo ni mimi. Jumapili moja ya Julai, Jovitha akiwa misa ya kwanza, nilifungua mkoba wake, nikatoa daftari, nikasoma kila ukurasa. Nikaona orodha ya namba na majina, na chini yake mstari wa kumi na mbili uliofutwa kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Namba ya mwalimu ilikuwa kwenye jalada. Nikateremka dukani, nikampigia, nikakata kabla hajaniuliza jina. Na baya zaidi ni hili: hata baada ya kujua kila kitu, hata baada ya kusimama mbele ya Ridhiwani bila viatu, sikusema. Nilirudi nyumbani nikakaa na neno hilo siku nane. Kila siku nilimwona akisubiri mtu asiyemjua ajitokeze amwokoe, na kila siku ilikuwa siku inayokatwa kwenye mwaka wake.

Siku ya tisa nilimwita sebuleni nikamwambia. Alisimama, akakirudisha kiti mezani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mjomba, mimi nilikuficha, wewe ukanitaja." Kesho yake akahamia Buguruni kwa Mwanne, yule mwenzake wa kazini, na sikumzuia. Anti yake alimbebea ndoo na godoro.

Nimeandika barua chuoni kwa jina langu kamili na nimeipeleka kwa mkono. Mwalimu aliisoma nimesimama, akaniambia kwamba wazazi wengi hupiga simu, lakini hakuna aliyepata kurudi. Amekubali kusaini, ila wiki alizokaa nyumbani lazima zifidiwe, basi atakuwa kazini Oktoba yote. Ndiyo maana hatakuja kwenye kipaimara. Usimlaumu yeye. Mdogo wake akiuliza, mwambie ni mjomba.

Jumapili iliyopita alikuja kula nasi. Alileta machungwa. Aliongea na anti yake, na mimi aliniamkia shikamoo akaniomba chumvi. Nilimwonyesha barua hii kabla ya kuifunga, kwa sababu ni habari zake, akaisoma yote akanirudishia bila kubadili neno. Sijui kama atanisamehe. Bado najikuta nikimtazama kila mtu barazani nikihesabu vidole vyake, na ninajua ugonjwa huo ni wangu, si wao.

Nisalimie Shemeji Ignasi sana, na mama mkwe wako, na walimu wenzio wanaonikumbuka. Mwambie huyo wa kipaimara kwamba zawadi yake Rogath anayo kwenye begi. Mama Rogath anakusalimu na anasema umtumie magimbi kwa Rogath akirudi.

Limebaki moja. Mwaka jana ulipokuja kwenye harusi ya Rogath ulipoteza simu kivukoni Magogoni, na ni mimi niliyekupeleka chini ya mwavuli ule ukasajili laini mpya. Ulibonyeza mara tatu, Scholastika. Nilikuwa nimekushikia pochi. Basi leo hii, kabla hujaikunja barua, chukua simu yako, piga nyota, moja, sifuri, sita, reli, na usome laini zilizosajiliwa kwa jina lako.

Kaka yako,
Theophil